Kiwanda cha gesi na haki ya jirani



Imepokewa na Maimamu Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kuwa nyumba moja mjini Madina iliungua usiku watu wake wakiwa ndani. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari zao, aliwatanabahisha Masahaba kuwa moto ni adui yao, na akawataka wauzime kila wanapokwenda kulala.

Ndugu msomaji, tuzingatie wakati wa kuchukua hatua katika mafundisho hayo. Muislamu ameagizwa auzime moto angali macho, ukiwa bado ni utambi mdogo wa taa ambao pumzi moja inatosha kuumaliza. Akishalala, moto ukashika mapaa, yote anayoyajua kuhusu moto hayamfai kitu.

Makala haya yanahusu moto mkubwa kuliko wa taa, nao ni ule unaoweza kutoka katika kiwanda cha gesi kinachojengwa karibu na makazi ya watu. Hoja yetu ni moja. Usalama wa kiwanda cha gesi huamuliwa kabla tofali la kwanza halijawekwa, katika kuchagua mahali, na wakati huo ndipo jirani anapokuwa na haki ya kuuliza na kujibiwa. Akinyamaza hapo, atakuja kuuliza majivu.

Yaliyotokea Embakasi

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, wakazi wa mtaa mmoja wa Embakasi, jijini Nairobi, wengi wao wakiwa wamekwishaingia majumbani kwao, walishtushwa na mlipuko. Gari lililobeba gesi lilikuwa limelipuka katika eneo la kujazia mitungi lililokuwa katikati ya makazi. Moto mkubwa ulitanda angani, mtungi uliorushwa na mlipuko ukaangukia ghala la nguo nalo likateketea. Watu kadhaa walipoteza maisha na zaidi ya 270 walijeruhiwa.

Kulipokucha ndipo yakajulikana mambo ya makaratasi. Mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya ilieleza kuwa ilipokea maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo mwezi Machi, Juni na Julai 2023, na mara zote tatu ilikataa, kwa sababu umbali wa usalama haukutimia na watu wanaoishi hapo ni wengi mno. Upande wa pili, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ilikuwa imekwishatoa leseni. Baada ya maafa, mamlaka hiyo ilikiri kuwa leseni ile haikutolewa ipasavyo, na maofisa wake wanne wakasimamishwa kazi.

Ofisi moja ilikataa mara tatu, nyingine ilikubali. Jirani aliyelala nyumba ya pili hakuwa na habari ya kukataa wala ya kukubali. Hapo ndipo penye darsa kwetu sisi wa Dodoma.

Kwa nini Dodoma, kwa nini sasa

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Sensa ya 2022 ikakuta watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Kwa miaka kumi tu mji umekaribia kuongezeka mara mbili, baada ya serikali kuhamia rasmi na mji kupewa hadhi ya jiji mwezi Aprili 2018. Watu hao wote wanapika, wanaugua, wanajenga na wanachomelea mageti. Kila moja ya kazi hizo inahitaji gesi.

Gesi ya kupikia inasukumwa zaidi na mwelekeo wa nchi. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku nazo zimetakiwa kuachana na kuni na mkaa. Shule zetu za Kiislamu za bweni zimo katika agizo hilo.

Upande wa hospitali, ugonjwa wa Uviko-19 ulitufundisha kwa uchungu thamani ya mtungi wa oksijeni. Mwaka 2021 serikali ilielekeza sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa katika huduma za afya, ikiwemo mitambo ya kuzalisha oksijeni.

Kwa hiyo ieleweke mapema kuwa makala haya hayapingi gesi. Uwanda wetu wa kati ni mkavu, unapata mvua ya msimu mmoja tu, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na kila gunia la mkaa linaloingia mjini ni mti uliochukua miaka mingi kukua. Moshi wa kuni nao unaharibu vifua vya mama zetu na watoto waliobebwa migongoni. Mwenye kuleta gesi analeta manufaa. Lakini manufaa ya wengi hayahalalishi jirani mmoja atolewe kafara, wakati yapo mambo yanayojulikana ya kumkinga.

Tuijue gesi kabla ya kuijadili

Watu wengi husema "kiwanda cha gesi" kana kwamba gesi ni moja. Sivyo. Hatari hutofautiana, na maswali nayo yatofautiane.

Ipo kwanza gesi ya kupikia, ambayo ni mchanganyiko wa propeni na byuteni. Huhifadhiwa ndani ya tangi ikiwa kimiminika kwa nguvu ya mgandamizo. Lita moja ya kimiminika hicho ikivuja hugeuka kuwa lita kama 250 za gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, basi haipai juu kama moshi. Hutambaa chini, ikafuata mteremko kama maji. Inatosha iwe sehemu kama mbili kati ya mia ya hewa ili cheche moja iiwashe. Harufu kali tunayoisikia huongezwa makusudi ili mvujo utambulike.

Mwenyeji wa Dodoma aelewe maana ya maneno hayo. Ardhi yetu imekatwa na makorongo na mitaro ya maji ya mvua ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mikavu. Watoto huchezea humo, mama lishe huweka majiko pembeni yake, na vijana hukaa humo kuvuta sigara. Gesi iliyovuja juu ya mteremko inaweza kulifuata korongo hilo hilo hadi kwenye jiko ambalo halikuwahi kuhesabiwa kuwa jirani wa kiwanda.

Ya pili ni oksijeni. Hii haiungui, bali huchochea kila kinachoungua. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21. Ikipanda kidogo tu, kufikia asilimia 23 na kuendelea, nguo huwaka kwa kasi ya kutisha, na mafuta au grisi iliyopakwa kwenye koki ya mtungi huweza kuwaka. Tarehe 24 Aprili 2021, ndani ya mwezi wa Ramadhani, hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad ilishika moto baada ya mitungi ya oksijeni kulipuka, na watu 82 walifariki. Walikuwa wagonjwa na ndugu zao waliokuja kuwauguza.

Ya tatu ni naitrojeni na agoni, zinazotumika viwandani. Hizi haziwaki wala hazinuki. Hatari yake ni kuisukuma oksijeni nje ya chumba. Anayeingia humo huanguka bila kujua kilichompata, na anayekimbilia kumwokoa bila kifaa cha kupumulia huanguka juu yake.

Ya nne ni asetilini, inayotumiwa na mafundi wa kukata na kuchomelea vyuma. Hutengenezwa kwa kuchanganya kalsiamu kabaidi na maji. Inawaka kwa urahisi mno, na uzalishaji wake hubakisha tope la chokaa kali. Tope hilo likimwagwa ovyo huunguza mimea na kuharibu udongo na maji.

Tuongeze hapa kuwa kituo cha kujaza gesi ya kupikia hakitoi moshi mwingi wala maji machafu mengi. Athari yake kubwa ni moto, pamoja na msongamano wa malori. Kiwanda cha oksijeni, naitrojeni au asetilini ndicho chenye kelele za kompresa usiku na mchana, mafuta machafu ya mashine na, kwa asetilini, tope la chokaa. Mwenye kulalamikia moshi usiokuwepo huwapa wakubwa sababu ya kumpuuza hata anapotaja hatari ya kweli.

Moto, tangi na maji ya Makutupora

Kuna jambo moja ambalo kila jirani wa tangi la gesi anapaswa kulijua. Tangi likizungukwa na moto, kimiminika kilichomo huchemka na mgandamizo hupanda. Sehemu ya juu ya tangi, ambako hakuna kimiminika cha kulipooza, chuma hulegea kwa joto. Tangi hupasuka, na gesi yote huwaka kwa mara moja ikiwa mpira wa moto.

Kinga mojawapo iliyo kubwa ni maji. Tangi hunyunyiziwa maji mengi, mfululizo, lisifikie joto hilo. Kwa hiyo swali la usalama katika mji wetu linakuwa pia swali la maji. Dodoma imetegemea kwa miongo mingi visima vya bonde la Makutupora, na mgao wa maji ni jambo tulilolizoea. Kiwanda kinachotegemea bomba la mtaa ili kupooza matangi yake kimejiwekea ahadi ambayo bomba haliwezi kuitimiza. Ni lazima kiwe na hifadhi yake ya maji, pampu zinazofanya kazi hata umeme ukikatika, na mtu wa kuzijaribu mara kwa mara.

Ni kwa sababu hiyo hiyo ya maji kwamba taka za viwanda vya gesi, mafuta machafu na tope la chokaa, zisiachwe zimwagwe kwenye ardhi inayopokea maji ya visima vyetu. Kisima kikichafuka hakisafishwi kwa siku mbili.

Mji hukifuata kiwanda

Yupo atakayesema kuwa viwanda vinapelekwa mbali, basi hofu ya nini? Tumjibu kwa kisa cha Mexico. Katika eneo la San Juan Ixhuatepec, nje kidogo ya jiji la Mexico, kituo kikubwa cha gesi ya mitungi kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati makazi yakiwa bado mbali nacho. Mji ukakua. Kufikia 1984 nyumba za watu masikini zilikuwa zimekisogelea hadi mita kama 130. Alfajiri ya tarehe 19 Novemba mwaka huo bomba lilipasuka, gesi ikatanda chini kama ukungu, ikapata moto, na matangi yakalipuka moja baada ya jingine. Watu kama 500 walikufa, wengi wao vitandani.

Sasa tutazame kwetu. Kizota ilitengwa kwa viwanda, na leo nyumba zimeifikia. Nala, kwenye barabara ya Singida, inapokea viwanda vipya, na mtu aliyepita njia hiyo miaka kumi iliyopita hawezi kuitambua. Tusidhani kuwa pori linaloonekana leo litakuwa pori baada ya miaka 15. Kwa kasi ya mji huu, umbali ambao hakuna mwenye jukumu la kuulinda hautadumu. Atakuja mtu na kamba ya kupimia, atauza viwanja vya bei nafuu, na wa kwanza kununua atakuwa mnyonge ambaye hana uwezo wa kununua kwingine.

Hili linatuhusu Waislamu kwa namna ya pekee. Kamati zetu za misikiti, kwa uchache wa fedha, hutafuta viwanja vya bei ya chini. Mtu naye hutoa waqfu kiwanja kilichomshinda kujenga, tukakipokea kwa takbira bila kuuliza kwa nini kilikuwa rahisi. Tukijenga madrasa pembezoni mwa uzio wa matangi ya gesi, tumewakusanya watoto mia mbili mahali ambapo mtaalamu angekataa kujenga hata banda la kuku. Kabla ya kupokea kiwanja, kamati iende ofisi ya mipango miji ya Jiji ikaulize: nyuma ya ukuta ule kuna nini, na kesho kimepangwa nini?

Uislamu na mpangilio wa kazi za moto

Wapo wanaodhani mambo haya ni ya Wazungu na makaratasi yao. Katika karne ya 12, zama za Salahuddin al-Ayyubi, mwanachuoni wa Sham aitwaye al-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib, yaani msimamizi wa masoko na maslahi ya umma. Miongoni mwa maelekezo yake ni kuwa wenye kazi za moto, kama waokaji mikate, wapishi na wahunzi, watengwe mbali na wauza manukato na wauza nguo, na kuwa waokaji waweke matundu mapana ya kutolea moshi. Kule Embakasi, zaidi ya karne nane baadaye, kilichoteketea pamoja na nyumba za watu kilikuwa ghala la nguo.

Msingi wa elimu hiyo ni hadithi mashuhuri inayokataza kudhuru na kulipizana madhara. Mafaqihi wakaijengea kanuni kuwa madhara huondolewa, na kuwa kuzuia madhara hutangulizwa kuliko kuleta manufaa. Ama jirani, Mtume (s.a.w.) alimkanushia imani mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Kwa mantiki hiyo, mwekezaji Muislamu anayejenga matangi bila kutimiza umbali, huku akitoa sadaka ya futari kila Ramadhani, ajitazame upya. Na ofisa Muislamu anayegonga muhuri bila kufika kwenye eneo ajue kuwa muhuri ule ni ushahidi, na ushahidi utaulizwa.

Sheria inampa nini jirani

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 4, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 81 kinamtaka mwenye mradi unaohusika afanye tathmini ya athari kwa mazingira, kwa gharama zake, kabla ya kuuanza. Kanuni za tathmini hiyo za mwaka 2005, zilizorekebishwa 2018, zinataka watu watakaoathirika washirikishwe na maoni yao yasikilizwe. Kumwita jirani kikaoni ni jambo la kisheria. Mwekezaji asilifanye lionekane kuwa ni ihsani yake.

Hali kadhalika, hakuna ofisi moja inayomaliza kila kitu. Mambo ya mazingira yanatokana na sheria hiyo ya 2004. Leseni ya gesi ya kupikia hutolewa na EWURA. Usalama wa wafanyakazi na ukaguzi wa mitambo yenye mgandamizo uko chini ya OSHA, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Kinga ya moto hukaguliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa sheria ya 2007. Matumizi ya ardhi na kibali cha ujenzi ni vya Halmashauri ya Jiji, ambayo ilirithi jukumu hilo baada ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, kuvunjwa mwezi Mei 2017.

Darsa la Embakasi ni kwamba kibali kimoja hakisimami mahali pa vingine. Tukionyeshwa karatasi moja yenye muhuri, tusiseme "amekwisharuhusiwa". Tuulize zilizobaki, na tuulize kama ipo ofisi iliyokataa.

Maswali ya kwenda nayo kikaoni

Kikao cha mtaa kikiitishwa kuhusu kiwanda cha gesi, tusiende kusikiliza hotuba na kunywa soda. Twende na maswali haya:

1. Kitahifadhiwa nini, na tani ngapi? Je, kuna mpango wa kuongeza matangi baadaye, na mkiongeza mtatuita tena?

2. Kutoka kwenye tangi hadi nyumba, shule, msikiti na zahanati ya karibu ni mita ngapi, na umbali huo umekokotolewa vipi? Ardhi iliyo wazi kati yetu na ninyi ni ya nani? Kama si ya kiwanda, nani atazuia isiuzwe viwanja?

3. Mteremko unaelekea wapi, na makorongo yanaishia kwa nani? Upepo wa Dodoma kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka mashariki na kusini-mashariki. Je, walio upande wa magharibi wamehesabiwa?

4. Maji ya kupoozea matangi na kuzimia moto yako wapi, na yanatosha kwa saa ngapi?

5. Malori yatapita njia gani, yataegeshwa wapi yakisubiri zamu, na je, yatapita mbele ya shule wakati watoto wanatoka?

6. Mafuta machafu, tope la chokaa na mitungi mibovu vitapelekwa wapi? Kompresa zitanguruma saa za usiku, na nani atapima kelele hizo?

7. King'ora kikilia, sisi tufanye nini? Tukimbilie upande gani? Mazoezi ya pamoja yatafanyika mara ngapi kwa mwaka?

Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao na nakala ibaki ofisi ya serikali ya mtaa. Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratul Baqara tuandike deni tunapokopeshana. Ahadi ya mwekezaji kwa majirani zake nayo ni deni. Isiyoandikwa, meneja mpya akija, hataijua.

Na akijibu vizuri, tumkubali kwa moyo safi. Si insafu kumtaka mtu atimize masharti, kisha akiyatimiza tumwekee mengine kwa sababu hatukupewa ajira au "chochote". Jirani anayeuza ukimya wake kwa bahasha amewauza pia watoto wa jirani zake.

Wajibu wetu baada ya kiwanda kuanza

Haki huenda na wajibu. Kiwanda kikishawekwa mahali pake, wajibu wa kwanza ni sisi kutokisogelea. Ukiuziwa kiwanja ndani ya eneo la usalama, hata kwa bei ya kutupa, kiache.

Wajibu wa pili unawahusu vijana wetu watakaoajiriwa humo. Asiyepewa mafunzo asikubali kushika koki. Viatu vinavyotoa cheche, simu karibu na pampu ya kujazia, mkono wenye grisi kwenye mtungi wa oksijeni, vyote ni vitu vidogo vyenye matokeo makubwa. Kijana asiogope kuonekana mwoga. Kuacha kazi yenye maangamizi ya wazi ni kutii, kwani Allah (s.w.) ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi (2:195).

Wajibu wa tatu unahusu vibanda vya mtaani vinavyohamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kwa mpira. Kila kibanda cha namna hiyo ni kiwanda cha gesi kisicho na uzio, maji wala leseni. Haina maana tukakihoji kiwanda kikubwa huku tukijaza mtungi wetu kichochoroni kwa kuokoa shilingi elfu mbili.

Wajibu wa nne ni wa barabarani. Gesi ya Dodoma hupanda kwa malori kupitia Morogoro, na pale Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, wakati Waislamu wakijiandaa na Idd el-Haj, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la petroli kupinduka na watu kulikimbilia kuchota. Lori la gesi likianguka, hata hicho cha kuchota hakipo. Mtu akimbie mbali, apande sehemu iliyoinuka, upande unakotoka upepo, asiwashe gari wala pikipiki, kisha akiwa mbali apige Zimamoto, namba 114.

Hitimisho

Maimamu na makhatibu wana nafasi kubwa katika jambo hili. Tangazo la kikao cha tathmini ya mazingira likibandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa, husomwa na wachache. Likisomwa baada ya swala ya Ijumaa, litawafikia mamia kwa dakika mbili. Misikiti iliyo karibu na maeneo ya viwanda ichague watu wawili au watatu, mmoja wao awe mwanamke kwa kuwa akina mama ndio washindao nyumbani, wafuatilie vikao hivyo na kuwaletea waumini majibu.

Tawakkul ni kumtegemea Allah baada ya kufunga ngamia. Wale wa Madina walipoambiwa wauzime moto usiku walikuwa na imani kutushinda, na hawakusema kuwa imani yao inawatosha. Wakiwa bado macho, walitakiwa waunyooshee mkono utambi.

Dodoma bado iko macho. Maeneo ya viwanda bado yanapimwa, matangi mengine bado yamo kwenye michoro, na ardhi ya wazi bado ipo. Haya ndiyo maulizo ya wakati huu, na wa kuyauliza ni sisi tutakaolala nyumba ya pili.